Usingizi na Lawama

Sapiwi ni kata ya wilaya ya Bariadi, mkoani Simiyu, na ni nchi ya Wasukuma. Na Wasukuma ni watu wa salamu. Asubuhi mtu hampiti mwenzake njiani pasipo kumwambia mwangaluka, na neno hilo huvuta maneno mengine nyuma yake hata kila mmoja awe amepokea habari za nyumba ya mwenzake, za watoto wake na za mifugo yake. Jibu la habari zote hizo ni moja: mhola, yaani ni amani. Kiswahili nacho kina ada hiyo hiyo. Umelalaje? Salama. Umeamkaje? Salama. Hata aliyefiwa hutanguliza salama kwanza, ndipo aseme msiba wake.

Katika ada hii njema yupo mtu mmoja asiye na nafasi. Ni yule ambaye hakulala usiku uliopita, wala usiku wa kabla yake, wala hakumbuki mwaka aliopata kulala kama wengine wanavyolala. Akiulizwa amelalaje, naye akajibu salama, amesema uongo mdogo wa adabu. Akijibu kwamba hakupata hata lepe la usingizi, mwulizaji atasimama, jembe begani, atake kujua sababu: ni homa, ni deni, ni mtoto mgonjwa, au ni ugomvi wa nyumba? Sababu haipo. Hapo ndipo mashaka yanapoanza, maana ulimwengu humsamehe mtu aliyekesha kwa sababu, lakini haujui la kufanya na mtu aliyekesha bure.

Insha hii yamhusu mtu huyo. Swali lake ni hili: je, kutolala usiku ni kosa ambalo mtu aweza kulaumiwa kwalo? Na kama si kosa, mbona lawama yake ni kubwa na ya kale namna hii? Swali laonekana dogo. Walakini katika nchi inayotajwa hapa, watu wamekufa kwa sababu ya jibu lake baya.

Yafaa kwanza kuwatenga watu wawili ambao aghalabu huchanganywa. Wa kwanza ni yule ambaye usingizi humkimbia. Huingia kitandani mapema kama wenzake, huzima taa, hugeukia ubavu huu na ubavu huu, husikia jogoo wa kwanza na wa pili, kisha huamka amechoka kuliko alipolala. Wa pili hana ugomvi na usingizi. Ugomvi wake ni na saa. Usingizi wake ni mzuri na wa kutosha, ila humjia saa nane za usiku, na akiachwa angelala mpaka saa nne za asubuhi. Akiamshwa saa kumi na moja alfajiri amelala saa tatu tu, na mchana kutwa atakuwa kama mtu aliyelewa. Wa kwanza ni mgonjwa, au yu karibu na ugonjwa. Wa pili ni mzima aliyezaliwa katika zamu isiyo yake. Wapo pia wenye bahati mbaya waliokusanya yote mawili, na miaka ikipita wao wenyewe hawajui tena lipi lilitangulia: kama walianza kukesha kwa kuwa usingizi uliwakataa, au usingizi uliwakataa kwa kuwa walizoea kukesha.

Usiku wa Sapiwi hauwahurumii. Mahali hapo pako kusini ya Ikweta kwa nyuzi zisizotimia 3, na kwa sababu hiyo usiku ulio mrefu kuliko wote katika mwaka hauzidi usiku ulio mfupi kuliko wote ila kwa dakika 20 hivi. Watu wa kaskazini ya Ulaya wana majira ambayo giza huja likapita kama mgeni mwenye haraka. Msukuma asiyelala hana majira hayo. Wahenga walisema usiku wa deni haukawii kucha. Walisema kweli juu ya mdaiwa, ambaye angependa giza liendelee ili asikutane na mdai wake. Asiyelala anajua usiku wa namna nyingine, ambao hukawia.

Haifai kudai kwamba lawama juu ya mtu wa usiku ilizuka pasipo akili. Usukuma ni nchi ya pamba, ya mahindi, ya mtama na ya ng'ombe, na ng'ombe ndiye mwenye kupanga saa. Mvua za kwanza zikinyesha, maksai hufungwa nira kungali na giza, kwa kuwa jua likipanda hadi saa nne hulegea, na mtu anayewalazimisha kuvuta plau katika joto atawaua kabla ya msimu kwisha. Tena kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Mmoja hushika plau, mwingine huongoza maksai, na nyuma yao huja mwenye kupanda mbegu. Mmoja wao akibaki kitandani, watu watatu na maksai wanne wamepoteza siku, na mvua haingoji. Katika kazi ya namna hii kuamka mapema si mapambo ya tabia. Ni haki ya mwenzio. Msemo wa sokoni usemao biashara asubuhi, jioni mahesabu, una maana ile ile kwa njia yake.

Lakini jambo lililokuwa haki ya plau limetoka shambani likaenda mahali pasipo na maksai. Sifa ya alfajiri imekuwa sifa ya moyo. Mtu akiamka saa kumi na moja akakaa kibarazani bila kufanya lolote hadi saa tatu, huitwa mchapakazi. Mwenzake akiandika, akishona au akihesabu vitabu vya ushirika hadi saa tisa za usiku, kisha akaamka saa tatu, huitwa mvivu. Saa za kazi zao hazikuhesabiwa na mtu. Kilichohesabiwa ni saa ya kufungua mlango. Na watoto nao wamo. Katika shule nyingi za Tanzania mwanafunzi huwahi namba asubuhi, na mwenye namba za mwisho ana deni la kulipa kwa fimbo au kwa ufagio. Elimu ya mwili inasema kwamba mtoto anapobalehe saa ya usingizi wake husogea mbele, hata kijana wa miaka 16 aone usiku wa manane kama mzee anavyoona saa tatu za usiku. Fimbo ya namba haijapata habari hiyo.

Wanafalsafa wamelizunguka jambo hili bila kuligusa sana. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili kwa Nicomachus, alifundisha kwamba sifa na lawama hufuata matendo ya hiari, na kwamba tendo lisilo la hiari hustahili kusamehewa na pengine kuhurumiwa. Mahali pengine katika kitabu hicho hicho alitoa neno ambalo laonekana kama mzaha, lakini si mzaha: kwamba katika usingizi mwema na mwovu hawatambulikani, kwa kuwa usingizi ni utulivu wa nafsi katika yale yanayoifanya iitwe njema au mbaya. Maneno hayo mawili yakiwekwa pamoja yanaleta tokeo la ajabu. Ikiwa usingizi hauna wema ndani yake, basi alalaye saa tatu hana la kujisifia kwa kulala kwake. Na ikiwa usingizi hauji kwa amri, basi asiyelala hana la kulaumiwa kwa kutolala kwake. Mtu aweza kuamuru miguu yake iende kitandani. Aweza kuamuru mkono wake uzime taa. Usingizi haumo katika vile anavyoweza kuviamuru. Na tena una tabia ya kinyume, kwamba anayeutafuta kwa nguvu huufukuza.

Kant aliamshwa kila siku saa kumi na moja alfajiri na mtumishi wake, na wasifu wake umekuwa ukisimuliwa kama ushahidi kwamba akili kubwa huamka mapema. Wenye kusimulia hivyo humsahau Descartes, aliyezoea tangu ujana kubaki kitandani hadi karibu na adhuhuri akifikiri. Mwaka 1649 aliitikia mwito wa Christina, malkia wa Sweden, aliyetaka kufundishwa falsafa saa kumi na moja alfajiri katika baridi ya Stockholm. Mwezi wa Februari 1650 Descartes alifariki kwa ugonjwa wa mapafu. Haiwezi kusemwa kwamba kuamka mapema ndiko kulikomwua, maana baridi ile ingemwua mtu yeyote. Lakini yatosha kuonyesha kwamba hekima haina saa moja ya kuamka.

Ushahidi ulio na uzito zaidi haukutoka Ulaya, umetoka jirani na Simiyu. Kusini-mashariki ya mkoa huo, ng'ambo ya Meatu, liko Ziwa Eyasi, na kando ya ziwa hilo wanaishi Wahadzabe, watu wachache wanaoendelea kuwinda na kuchimba mizizi. Mwaka 2017 David Samson na wenzake, miongoni mwao Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya usingizi wa Wahadzabe. Watu wazima 33, wake kwa waume, wa kambi zilizo karibu, walivaa mkononi chombo kidogo mfano wa saa, ambacho huandika kila mtikisiko wa mwili usiku na mchana. Waliendelea hivyo kwa siku 20. Kwa wastani watu hao walilala baada kidogo ya saa nne za usiku wakaamka karibu na saa moja ya asubuhi. Lakini wastani huficha mambo. Wengine walikuwa wamelala saa mbili, na wengine walikuwa macho hata baada ya saa tano, wakaamka saa mbili za asubuhi. Wengi waliamka katikati ya usiku, wakavuta tumbaku, wakambembeleza mtoto, wakajinyosha, wakalala tena.

Ilipohesabiwa ni muda gani watu wote 33 walikuwa katika usingizi kwa pamoja, katika siku zote hizo 20, jumla ilikuwa dakika 18. Wakati mwingine wowote wa usiku palikuwa na mtu aliye macho, na kwa kawaida hakuwa mmoja, walikuwa kadhaa. Hakuna aliyewapangia zamu. Hawana orodha wala filimbi. Tofauti ya umri peke yake iliwatosha: vijana walichelewa kulala, wazee waliwahi kulala wakaamka mapema, na kati ya kuchelewa kwa hawa na kuwahi kwa wale kambi haikuachwa pasipo sikio. Waandishi wa uchunguzi ule wakasema huenda hivyo ndivyo binadamu alivyolindwa na simba kwa maelfu ya miaka, na huenda usingizi mwepesi wa bibi na babu, ambao siku hizi huhesabiwa kuwa ugonjwa wa uzee, ni ulinzi wa kale uliobaki mwilini baada ya simba kuondoka.

Huenda, wala si hakika. Uchunguzi wa watu 33 hauwezi kubeba dunia nzima. Lakini neno moja umelithibitisha vya kutosha, nalo ni kwamba watu hawakuumbwa kwa saa moja. Mwaka huo huo wa 2017 Tuzo ya Nobeli ya tiba walipewa Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walioonyesha, kwa kuchunguza inzi wadogo wa matunda, jinsi saa ya siku inavyofanya kazi ndani ya chembe ya mwili. Saa hiyo hurithiwa. Kama vile mtu anavyorithi kimo cha baba yake, ndivyo anavyoweza kurithi saa ya kulala ya mama yake. Na mwenye saa iliyo nyuma hawezi kuisogeza kwa kukaripiwa, ingawa mwanga wa asubuhi na nidhamu ya maisha vyaweza kuisogeza kidogo.

Hapa yafaa kuongeza jambo la pembeni juu ya saa ya ukutani, kwa kuwa wengi huidhania kuwa ni sauti ya maumbile. Saa ya Tanzania imewekwa kwa kufuata mstari wa longitudo 45, mstari ambao hauigusi Tanzania hata kidogo. Wapita Bahari ya Hindi na pembe ya Somalia. Bariadi iko karibu na longitudo 34. Kwa tofauti hiyo saa ya Sapiwi iko mbele ya jua lake kwa dakika zipatazo 44, na jua huchomoza huko dakika 20 hivi baada ya kuchomoza Dar es Salaam, ijapokuwa saa za miji yote miwili husoma sawa. Mwanafunzi wa Bariadi na wa Dar es Salaam wakiitwa saa moja na nusu, yule wa Bariadi ameitwa mapema zaidi. Hakuna dhuluma kubwa katika jambo hilo, lakini anayemhukumu mwenziwe kwa saa yafaa ajue saa hiyo ilitengenezwa na nani.

Yote hayo ni mambo ya fimbo na ya maneno makali, na mtu aweza kuyavumilia. Lipo kubwa zaidi. Wazungu humwita mtu wa usiku bundi, nao humwita hivyo kwa utani, kwa kuwa kwao bundi ni ndege wa hekima. Jina hilo halitafsiriki. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki bundi akilia juu ya paa watu hunyamaza na kufikiri ni nani mgonjwa katika nyumba ile. Na Usukumani usiku una wenyewe. Husemwa kwamba wachawi hutembea usiku, kwamba humpanda fisi kama watu wanavyopanda baiskeli, kwamba huingia zizini na shambani wakati wenye haki wamelala. Maana ya fikira hiyo, ikipimwa kwa kanuni zake yenyewe, ni kwamba usingizi ni ushahidi wa kutokuwa na hatia. Aliyelala hakuroga. Basi asiyelala atasema nini?

Alama ya pili ya mchawi, kama wengi walivyoamini, ni macho mekundu. Asili ya wekundu huo yajulikana. Usukuma ni nchi ambayo vichaka vyake vilifyekwa kwa wingi tangu zama za Waingereza ili kuwafukuza mbung'o, na mashamba ya pamba yakaendelea kumaliza miti. Kuni zikawa adimu. Wanawake wakapikia miti ya pamba iliyokauka na samadi ya ng'ombe. Mwanamke aliyepika juu ya moshi huo kwa miaka 50, katika nyumba isiyo na dirisha, huwa na macho mekundu. Na mwanamke yule yule, akifika miaka 70, hulala saa mbili na kuamka saa nane, kama miili ya wazee ilivyo. Yaani moshi humpa alama ya kwanza na umri humpa ya pili, na kukosa usingizi kwenyewe huyazidisha macho wekundu. Awashe kibatari, atoke nje kwa haja ndogo, jirani amwone. Wiki hiyo mtoto wa jirani afe kwa malaria. Hakuna haja ya kusimulia zaidi.

Simeon Mesaki, msomi wa Kitanzania aliyelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, ameandika kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi. Walio wengi walikuwa wanawake, na zaidi ya nusu ya mauaji hayo yalitokea Usukumani. Katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1974, Operesheni Vijiji iliwahamisha watu kutoka kwenye maboma yaliyotawanyika ikawapanga katika vijiji, nyumba kwa nyumba. Hapo zamani taa ya asiyelala ilionwa na ng'ombe wake tu. Katika kijiji ilionwa na watu wasiomjua vema, wasio wa ukoo wake, waliokuwa na misiba yao wenyewe ya kutafutia maelezo. Si haki kusema kwamba vijiji ndivyo vilivyoleta mauaji; imani na ugomvi wa urithi vilikuwapo. Lakini ujirani mpya ulimpa asiyelala mashahidi ambao hakuwa nao. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiandika mauaji ya namna hiyo katika ripoti zake hata katika karne hii.

Sasa msomaji alinganishe. Mzee wa Kihadzabe aliye macho saa tisa za usiku, kando ya Eyasi, ndiye usalama wa kambi yake, ijapokuwa hakuna anayemshukuru. Bibi wa Kisukuma aliye macho saa hiyo hiyo, mwendo wa siku chache kwa miguu kutoka hapo, ni hatari kwa kijiji chake, au hivyo ndivyo adhaniwavyo. Mwili ni mmoja na saa ni moja. Tofauti yote imo katika masimulizi ambayo jamii imeyashona juu ya giza. Hili ndilo jambo ambalo hoja ya hiari, kwa uzuri wake wote, haikulifikia. Aristotle alitosha kuonyesha kwamba asiyelala hana kosa. Hakutosha kuonyesha kwa nini watu wanahitaji awe na kosa. Wanahitaji kwa sababu usiku ni wa wote na hakuna anayeuona, na mtu mmoja aliye macho anajua jambo ambalo wengine hawalijui: nani alipita, mlango wa nani ulifunguliwa, nani alilia. Usiku ni libasi, wahenga walisema, na watu hawampendi aketiye karibu na libasi yao.

Je, asiyelala naye hana deni? Analo, na ingekuwa upendeleo kulificha. Hana haki ya kuifanya nyumba nzima ikeshe naye kwa redio au kwa simu, wala ya kumwamsha mkewe kila saa amwulize kama yu macho. Kama amejiapiza kuongoza maksai, hana budi kuongoza au kumtafuta mtu wa badala yake mapema, si alfajiri. Tena yampasa ajichunguze kwa ukweli ni kiasi gani cha kukesha kwake ni maumbile na ni kiasi gani ni kioo cha simu, ambacho siku hizi huangaza hata katika nyumba ambayo haijapata waya wa umeme. Mwanga huo huiambia saa ya mwili kwamba jua halijazama. Gongo haileti usingizi, huleta kuzimia kisha kuamka saa nane na kiu; na vidonge vya usingizi vinavyonunuliwa dukani pasipo daktari vimewafunga wengi kamba ambayo hawakuiona. Matabibu wa sasa hushauri jambo rahisi na gumu: asiyelala aondoke kitandani badala ya kupigana na kitanda, na aamke saa ile ile kila siku, amelala asilale. Kuhusu salamu ya asubuhi, hana haja ya kujiona mwongo. Aulizaye umelalaje hakuuliza idadi ya saa; ameuliza kama pana amani, na mtu aweza kuwa na amani ingawa hakulala.

Deni la wengine kwake ni kubwa zaidi, na linaweza kulipwa kwa kitu ambacho Usukuma unacho tayari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi, wanakijiji wa Usukuma na Unyamwezi waliunda sungusungu, walinzi wa usiku wenye pinde na mishale, ambao baadaye sheria iliwatambua. Walipunguza wizi, na ni lazima isemwe pia kwamba katika siku zao za kwanza baadhi yao waliwapiga na kuwafukuza wanawake waliotajwa kuwa wachawi. Ulinzi wa zamu ungaliko katika vijiji vingi. Orodha huandikwa kwa nyumba, kila mwanaume siku yake, na mtu ambaye usingizi wake ni mzito kama gogo hukaa juani mchana akisinzia kwa sababu jana ilikuwa zamu yake, na usiku wenyewe alisinzia vilevile. Wakati huo huo jirani yake amelala macho wazi nyuma ya ukuta wa udongo, akisikiliza walinzi wakikoroma. Kwa nini zamu ya saa nane isiwe ya huyo? Pamba ikijaa katika ghala la ushirika wakati wa mauzo, kwa nini asiulizwe kwanza yule ambaye kila mtu anajua kwamba taa yake haizimiki? Vijiji vilivyo karibu na Serengeti na Pori la Akiba la Maswa vina tembo wanaoingia mashambani usiku. Macho ya ziada yangefaa huko pia.

Hoja hii ina hatari yake. Mgonjwa asigeuzwe mtumishi kwa kuwa ugonjwa wake una faida kwa wengine. Anayepokea zamu ya usiku alipwe usingizi wa asubuhi, na asiyetaka asilazimishwe. Mwaka 2007 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kazi ya zamu za usiku miongoni mwa mambo yanayoelekea kudhuru mwili, kwa hiyo hakuna anayepaswa kuambiwa kwamba usiku ni bure.

Na bado orodha hiyo haimfikii bibi mwenye macho mekundu. Zamu ni ya wanaume. Jina lake halikuandikwa na halitaandikwa. Usiku ambao ng'ombe wa jirani wanatolewa zizini, yamkini ni yeye peke yake anayesikia kengele ya dume la mbele likipita nyuma ya nyumba yake. Na kabla hajapiga mwano, itambidi kwanza afikiri ataulizwa nini juu ya kuwa macho saa hiyo.